UZI: Si "mionzi" ya simu inayoharibu macho ya watoto wetu, ni umbali wa shubiri na jua wanalolikosa

Mleta uzi:

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi ndiyo siku ambayo wazazi wengi wa hapa Dar es Salaam hupata nafasi ya kuwaleta watoto kupimwa macho, na benchi la chumba ninachofanyia kazi huwa limejaa tangu saa tatu asubuhi. Karibu kila mzazi huingia na hukumu mkononi: mtoto ameharibiwa na mionzi ya simu. Mtoto mwenyewe husimama kando ameinamisha kichwa kama mshtakiwa, na mara nyingi simu hiyo hiyo inayolaumiwa imo mikononi mwake, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mama alitaka atulie. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka kulieleza jambo hili kwa dakika tano tano mlangoni, na kwa sababu naona tunaishtaki simu kwa kosa ambalo haikulitenda, huku lile ililolitenda likipita bila kuulizwa.

Nianze na hiyo mionzi ili tuimalize. Skrini ya simu, ya kishikwambi au ya runinga hutoa mwanga wa kawaida unaoonekana, na sehemu ya mwanga huo ni ya rangi ya bluu. Jua la saa nne asubuhi linatumwagia mwanga wa bluu mwingi mno kuliko skrini yoyote, wala hakuna aliyewahi kumkataza mtoto kwenda kuchota maji kwa sababu hiyo. Miwani ya "kukinga mionzi" inayotembezwa barabarani na kutangazwa mitandaoni imekwishachunguzwa: mwaka 2023 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kuchambua majaribio ya kitabibu, lilipitia majaribio 17 ya lenzi hizo, mengi yakiwa ya watu wazima, na halikuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwa wanaotumia kompyuta. Mzazi mwenye shilingi zake za miwani hiyo angefanya vyema zaidi kuzitumia kulipia kipimo.

Macho kuwasha na kuchoma baada ya saa mbili za katuni kuna maelezo mepesi. Mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, na anapokodolea skrini kiwango hicho hushuka hadi nusu au chini ya hapo, kwa hiyo jicho hukauka. Linakera, lakini likipumzishwa linarudi katika hali yake. Sitakaa hapo.

Linalonikosesha raha ni lile lisilorudi. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, na la mtu mzima takriban 24. Katika safari hiyo ya ukuaji, jicho hujipima lenyewe, likitafuta urefu ambao picha itatua sawasawa juu ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea mwanga. Kwa baadhi ya watoto jicho halisimami linapotakiwa kusimama. Linaendelea kurefuka, picha ikawa inatua mbele ya retina, na mtoto akawa anaona vizuri daftari lililo mbele yake ilhali maandishi ya ubaoni ni ukungu. Huku ndiko kutoona mbali, ambako wataalamu hukuita mayopia. Milimita moja tu ya ziada hupandisha namba ya miwani kwa kati ya hasi 2.5 na hasi 3. Na jicho lililorefuka halifupiki: hakuna mazoezi, juisi wala matone ya kulirudisha. Namba ikifika hasi 6 na kuendelea, mtoto huyo atakuwa mtu mzima mwenye hatari kubwa zaidi ya retina kuchanika na kubanduka, ya presha ya macho na ya mtoto wa jicho kumjia mapema.

Sasa simu inaingia wapi? Inaingia kwa umbali na kwa muda. Runinga iliyo ukutani iko mita tatu hivi kutoka kwenye kochi. Simu ya mtoto wa miaka mitano iko shubiri moja kutoka puani, yaani sentimita 20 na kidogo, tena akiwa amejilaza. Kwa hesabu za lenzi, jicho linalotazama kitu kilicho sentimita 20 hukaza mara 15 zaidi ya jicho linalotazama kitu kilicho mita tatu. Ndiyo maana mzazi anaponiambia kwamba ameondoa runinga sebuleni ili kulinda macho, kisha amempa mtoto kishikwambi chake mwenyewe "cha masomo", hunibidi nimeze mate kabla ya kujibu, kwa maana amebadilisha kibaya kidogo kwa kibaya zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025, uliojumuisha tafiti 45 na watu zaidi ya 335,000, ulionyesha kwamba kila saa moja inayoongezeka kwa siku mbele ya skrini inaambatana na ongezeko la asilimia 21 katika uwezekano wa kuwa na mayopia, na kwamba mlima ni mkali zaidi kati ya saa moja na saa nne.

"Inaambatana" si sawa na "inasababisha", na hapa ndipo naomba tusomane kwa utulivu. Mtoto aliye na simu kwa saa nne ni mtoto ambaye kwa saa hizo nne hayuko nje, na huko nje ndiko ushahidi ulikosimama imara kuliko pengine popote. Watafiti wa Australia waliwalinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina wanaoishi Sydney na wenzao wa asili hiyo hiyo wanaoishi Singapore. Wa Sydney wenye mayopia walikuwa asilimia 3.3, wa Singapore walikuwa asilimia 29.1. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa na mayopia kwa viwango vinavyokaribiana, na wale wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Tofauti iliyojitokeza wazi ilikuwa saa za kuwa nje: karibu 14 kwa wiki kule Sydney, 3 tu kule Singapore.

Singapore iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua lake ni kama letu, mwaka mzima. Jua lilikuwapo, mtoto ndiye hakuwapo.

China walilijaribu jambo hili kwa vitendo. Katika mji wa Guangzhou, shule 12 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Sita zikaongezewa kipindi kimoja cha dakika 40 cha kuwa nje kila siku ya shule, sita zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, watoto walioanza kuugua mayopia walikuwa asilimia 30.4 katika kundi la kwanza na 39.5 katika la pili. Dakika 40 tu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na kemikali hiyo huliambia jicho lipunguze kasi ya kurefuka. Ndani ya nyumba yenye taa nzuri mwanga ni luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 300 hadi 500. Nje mchana ni luksi 10,000 na kupanda. Wala mtoto hahitaji kuunguzwa, kwa maana watafiti wa Taiwan waliona kwamba hata mwanga wa luksi 1,000, unaopatikana kivulini, unasaidia. Chini ya mwembe panatosha. Alimradi asilitazame jua lenyewe.

Nimalizie kwa kilichotokea wakati wa UVIKO, kwa sababu kilikuwa kama jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Katika mji wa Feicheng, jimbo la Shandong, watoto wa shule hupimwa macho kila mwaka. Kati ya 2015 na 2019, watoto wa miaka 6 walioonekana na mayopia hawakupata kuzidi asilimia 5.7. Vipimo vya 2020, baada ya miezi ya kufungiwa ndani na kusomea kwenye skrini, vilionyesha asilimia 21.5. Vipimo hivyo vilifanywa bila matone ya kulegeza misuli ya jicho, kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo huenda ilikuwa ukazaji wa muda. Hata hivyo, kwa umri huo, ni mruko wa kutisha.

Kwetu hakuna aliyefunga mji, ila tumewafungia watoto wenyewe. Tumejenga ukuta, tukaweka geti, uwanja wa chandimu ukawa fremu za maduka, basi la shule linapita saa kumi na moja alfajiri, tuisheni inaisha magharibi, na Jumapili dada wa kazi anapewa jukumu la kuhakikisha mtoto hatoki. Simu inaziba pengo ambalo sisi wenyewe tumelichimba. Karibuni tujadili.

Mama Wawili:

Ahsante kwa maelezo haya, daktari. Mimi ni mmoja wa hao wazazi wa benchi. Kijana wangu ana miaka tisa, na kwa miezi kadhaa sasa anapepesa macho kupita kiasi, anayafikicha, na runinga anaisogelea mpaka namvuta shati. Mwezi uliopita walikuja watu shuleni kwao kupima macho kwa kompyuta, wakampa karatasi yenye hasi 1.25 macho yote mawili, na siku hiyo hiyo wakawa tayari kuniuzia miwani. Baba yake amekataa, anasema miwani huyazoesha macho uvivu na kwamba akianza atakuwa mtumwa wake maisha yote. Bibi yake anamlisha karoti asubuhi na jioni hadi viganja vimeanza kuwa vya njano. Naomba unieleze nimsikilize nani, kwa maana kila mmoja ana uhakika wake.

Mwalimu Mstaafu:

Nami nina swali, ingawa si la kubisha. Nilifundisha sekondari jijini Mwanza kwa miaka mingi, kabla simu hizi hazijaja, na wanafunzi waliokuwa wakinakili kutoka kwa jirani kwa sababu hawaoni ubao walikuwapo. Nakumbuka kulifanyika uchunguzi katika sekondari za mji huo, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: walipimwa wanafunzi zaidi ya 2,500, na kama asilimia 5.6 wakakutwa na tatizo la kutoona mbali. Kati ya waliokuwa na kasoro ya kuhitaji miwani, waliokuwa nayo hawakufika theluthi moja. Wakati huo hapakuwa na skrini ya mtoto. Je, hatuionei simu, na tatizo ni la kusoma kwenyewe?

Mleta uzi:

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ndilo lililopaswa kuwa aya yangu ya kwanza, na nakushukuru kwa kunirekebisha bila kunitaja.

Kusoma kumo. Mwaka 1867, huko Breslau, mji ambao leo uko Poland, daktari Hermann Cohn alichapisha matokeo ya kupima macho ya wanafunzi zaidi ya 10,000, akaona kwamba kadiri mtoto alivyopanda madarasa ndivyo kutoona mbali kulivyoongezeka. Hapakuwa na hata balbu ya umeme. Kule Alaska, utafiti wa mwaka 1969 uliwapima Wainuiti waliokulia katika jamii zilizojitenga, ukawakuta wenye mayopia ni 2 kati ya watu wazima 131. Miongoni mwa watoto na wajukuu zao, waliopelekwa shule, walikuwa zaidi ya nusu. Kizazi kimoja au viwili hakitoshi damu kubadilika. Kilichobadilika ni jinsi mtoto alivyotumia mchana wake.

Kwa hiyo jicho haliulizi kama kilicho mbele yake ni kitabu cha Fizikia au katuni. Linachojua ni umbali, muda, na kiasi cha mwanga kinachoingia. Tofauti ya simu na kitabu ni kwamba kitabu kinachosha. Sijawahi kumwona mtoto wa miaka minne aliyesoma kitabu kwa saa tano mfululizo akalia aliponyang'anywa. Kitabu pia hukaa mezani, sentimita 30 au 40, na hakisomeki gizani chini ya shuka. Simu imeondoa breki zote tatu, na imeanza kazi miaka minne kabla ya darasa la kwanza.

Dada Mama Wawili, kwanza mimi si daktari. Ni mpimaji wa macho, nipunguzie cheo. Pili, naomba usinunue miwani hiyo kwanza, lakini si kwa sababu anayoitoa mzee nyumbani. Misuli ya jicho la mtoto ina nguvu nyingi. Anapochungulia kwenye ile mashine, hujikuta anakaza macho kana kwamba anatazama kitu cha karibu, na mashine inaandika namba hasi ambayo haipo, au inazidisha iliyopo. Ndiyo maana kwa mtoto tunaweka matone ya kupanua mboni, tunasubiri nusu saa au zaidi misuli ilegee, ndipo tunapima. Mabango ya "Tunapima macho kwa kompyuta" yamejaa kila mtaa, na watu hudhani kompyuta haikosei. Kwa mtu mzima inatoa mwanzo mzuri wa kazi. Kwa mtoto ambaye hajawekewa matone, karatasi yake ni tetesi.

Kisha hiyo tabia ya kufikicha na kupepesa inanielekeza kwingine. Mayopia haiwashi. Mtoto anayefikicha macho kila siku, hasa yakiwa na wekundu wa kahawia na ute unaovutika kama uzi, mara nyingi ana mzio wa macho, na katika nchi zetu zenye joto na vumbi mzio huo ni mwingi mno. Ukipuuzwa na mtoto akaendelea kufikicha kwa miaka, konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, inaweza kuchongoka mbele na hapo miwani ya kawaida haitafua dafu. Naomba pia usipite duka la dawa ukanunua matone kwa kuelekezwa na jirani, kwa kuwa mengi yanayotuliza haraka yana steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe, ambazo zikitumiwa kiholela kwa miezi huleta presha ya macho na mtoto wa jicho kwa mtoto ambaye alikuwa na mwasho tu.

Kuhusu uvivu wa macho: kama kipimo cha kweli kitaonyesha anahitaji miwani, avae. Kule Malaysia walijaribu kuwapa watoto miwani yenye nguvu pungufu wakitumaini kupunguza kasi ya tatizo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba hao waliopunguziwa ndio walioharibikiwa haraka zaidi. Namba hupanda kwa sababu jicho linarefuka pamoja na urefu wa mwili, na hutokea kwamba miwani ilikuwa usoni wakati huo. Karoti nazo zina vitamini A, ambayo upungufu wake huleta upofu wa usiku na hata kuoza kwa konea. Kwa mtoto anayekula mboga za majani na maembe, ndoo ya karoti haiongezi kitu, isipokuwa hiyo rangi ya viganja uliyoiona. Msalimie bibi.

Mkaazi wa Kitale:

Hamjambo. Ningependa kuchangia kutoka upande wa Kenya, kwa sababu kuna kinaya ambacho mleta uzi hakukigusa. Huku Trans Nzoia simu hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kuwapima watoto wetu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, shule 50 za msingi zilihusishwa. Katika nusu yake walimu walipima macho kwa programu ya simu ya Peek, mzazi wa mtoto aliyegundulika akatumiwa ujumbe mfupi wa kumkumbusha ampeleke hospitali, na mtoto akaonyeshwa picha ya jinsi ulimwengu unavyoonekana kwa macho yake ili aipeleke nyumbani. Waliofika hospitalini walikuwa asilimia 54, ilhali katika shule zilizotumia chati ya karatasi na barua walikuwa 22. Mimi ni mzazi, nami nilionyeshwa picha ya aina hiyo siku moja. Nilinyamaza. Nilikuwa nimemchapa huyo mtoto kwa kuandika vitu visivyo ubaoni.

Mpita Njia:

Nimesoma yote kwa makini, lakini naona tunabebeshwa hofu ya watu wengine. Mayopia ni ugonjwa wa Waasia, unarithiwa, na takwimu zote zilizoletwa hapa ni za China na Singapore. Mwafrika ana macho ya kuona swala kilomita moja. Kwa nini tuwanyime watoto teknolojia ambayo ndiyo ajira ya kesho?

Mleta uzi:

Mkuu, nusu ya maneno yako ni ya kweli na nitaanza nayo. Mchanganuo wa tafiti za watoto wa shule barani Afrika unatoa wastani wa karibu asilimia 5 tu wenye mayopia, ilhali katika miji ya Asia Mashariki vijana wanaomaliza shule wakiwa nayo ni asilimia 80 hadi 90. Kurithi nako kupo. Mtoto ambaye wazazi wote wawili hawaoni mbali yuko katika hatari kubwa zaidi, na mzazi wa namna hiyo ndiye ningependa aje mapema zaidi ya wote.

Lakini Seoul na Taipei hazikuwa hivyo siku zote. Kama tatizo lingekuwa la damu peke yake, wale watoto wa Kichina wa Sydney wangelingana na wa Singapore. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 na watafiti wa taasisi ya macho ya Brien Holden yalisema kwamba ifikapo 2050 karibu nusu ya watu wote duniani watakuwa na mayopia, na Afrika haikuachwa nje ya hesabu hiyo. Asilimia 5 yetu ni ya watoto ambao wengi wao walitembea kwenda shule, wakacheza rede na kombolela hadi giza likaingia. Mtoto anayetoka kwenye gari, akaingia darasani, akarudi kwenye gari, akaingia sebuleni, hayumo ndani ya hiyo 5. Yeye anaishi Singapore, sema tu anakula ugali.

Wala sikusema anyimwe. Mtoto wa darasa la tano anayejifunza kompyuta kwa nusu saa mezani, skrini ikiwa umbali wa mkono, kisha akatoka nje, sina ugomvi naye. Kila baada ya dakika 20 ainue macho atazame kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20, hata kama ni jogoo wa jirani. Hilo linapumzisha misuli, ingawa halifidii kutoka nje. Runinga ni afadhali kuliko simu, na skrini kubwa ni afadhali kuliko ndogo. Usiku, taa ikizimwa, na simu izimwe.

Baba Mchanga:

Ninaomba ufafanuzi kwa watoto wadogo zaidi. Binti yangu ana miaka miwili na nusu, anakula akiwa anatazama video, bila hivyo hafungui kinywa. Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo. Je, ni kwa ajili ya macho? Na mtoto asiyejua herufi anapimwaje?

Mleta uzi:

Mwongozo huo ni wa mwaka 2019. Unasema mtoto asiyefikisha miaka miwili asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, pungufu yake ikiwa bora. Umeandikwa kwa ajili ya usingizi, mwili kuchangamka na ukuaji kwa jumla, si kwa ajili ya macho. Hata hivyo, saa anazoziokoa akizitumia uani, macho nayo yanapata mgawo. Kuhusu chakula, mrudishe mezani pamoja nanyi, runinga ikiwa imezimwa na simu yako ikiwa mfukoni. Siku tatu za mwanzo zitakuwa za kilio, nami sikudanganyi.

Mtoto asiyejua herufi anapimwa kwa picha, kwa kulinganisha maumbo, na kwa mwanga tunaoupitisha kwenye mboni ambao hauhitaji ajibu neno. Msisubiri ajue kusoma. Ikiwa jicho moja lina kasoro na jingine ni zima, ubongo huamua kulisikiliza lile zima tu, na baada ya umri wa miaka saba au minane ni vigumu sana kulirudisha lililoachwa. Mtoto huyo halalamiki, kwa sababu jicho zima linamtosha. Mzibe moja moja kwa kiganja akiwa anatazama anachokipenda: akikubali kuzibwa la kushoto na akalia kila unapoziba la kulia, nenda kapimwe.

Makengeza nayo yasisubiri "yataisha akikua". Madaktari wa Korea Kusini walieleza mwaka 2016 habari za watoto na vijana 12 waliokuwa wakitumia simu zaidi ya saa nne kwa siku, chini ya sentimita 30 kutoka usoni, wakapata makengeza ya macho kuingia ndani. Walipopunguziwa simu, makengeza yalipungua.

Na jambo moja ambalo simu inakusaidia. Ukimpiga picha kwa mwanga wa flashi, mboni zote mbili zikawa nyekundu, hiyo ni kawaida. Moja ikiwa nyeupe kama jicho la paka usiku, na ikajirudia katika picha nyingine, usisubiri Jumamosi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, na inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo ikiwahiwa inatibika na ikichelewa inaua. Mpeleke hospitali yenye daktari bingwa wa macho siku hiyo hiyo. Wapimaji kama mimi hatupaswi kukucheleweshea hilo hata kwa saa moja.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba, kijana wangu. Na kwa ambaye tayari namba yake inapanda kila mwaka? Mjukuu wangu amefika hasi 4 akiwa na miaka 11.

Mleta uzi:

Huyo, Mwalimu, asiishie kwa kubadilishiwa miwani tu. Yapo matone ya atropini yaliyopunguzwa makali sana, yaliyojaribiwa Singapore na Hong Kong, ambayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka, na zipo lenzi za miwani zilizoundwa kwa kazi hiyo hiyo. Hayafuti namba iliyopo, yanaizuia isikimbie. Gharama yake si ndogo na ufuatiliaji ni wa miaka, kwa hiyo yanaanzia kwa daktari bingwa wa macho, na retina yake ichunguzwe pia. Akiona ghafla vimulimuli au kama pazia linashuka pembeni mwa jicho, hiyo ni dharura.

Mama Wawili:

Narudi na majibu kama nilivyoahidi kwa ujumbe. Tulikwenda Jumatano badala ya Jumamosi, foleni ilikuwa fupi. Bila matone mashine iliandika hasi 1.25, kama ile karatasi ya shuleni. Baada ya matone na kusubiri dakika 40, jicho la kulia likawa hasi 0.25 na la kushoto sifuri. Wakageuza kope, wakanionyesha vipele vya mzio kwa ndani, nami nikaviona kwa macho yangu. Amepewa matone yasiyo na steroidi, kitambaa cha maji baridi, na kurudi baada ya miezi sita ili wapime tena kama jicho limerefuka. Tulipotoka mboni zilikuwa bado pana na jua lilimsumbua, akavaa kofia ya baba yake njia nzima.

Geti tunalifungua saa kumi jioni sasa. Jana aliingia saa kumi na mbili na robo, goti limechubuka.